Baraka na Fizi: Wakili kijana asiachwe ajifunze kwa gharama ya mteja

Tarehe 21 Februari 2011, mahakama ya kijeshi iliyofunga safari hadi Baraka ilimhukumu luteni kanali Kibibi Mutware miaka 20 jela kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Wanajeshi waliokuwa chini yake waliingia katika mji wa Fizi siku ya mwaka mpya, wakabaka wanawake na kupora mali. Wanawake 49 walikubali kutoa ushahidi. Maafisa wengine watatu walipewa pia miaka 20, na askari watano wakapewa kati ya miaka 10 na 15. Tangu siku ya tukio hadi siku ya hukumu hazikutimia siku 60.

Kesi hiyo imetajwa mara nyingi kama mfano wa haki inayomfuata raia mahali alipo, na inastahili kutajwa. Majaji, waendesha mashtaka, makarani na mawakili walikwenda Baraka, wakakaa, wakasikiliza, wakahukumu. Kisha msafara ukaondoka. Baraka ikabaki na kesi zake za kila siku: mtu aliyelala kasho siku ya nne bila kuambiwa kosa lake, mjane anayefukuzwa shambani, baba anayeshauriwa apokee mbuzi ili kesi ya binti yake iishe.

Kesi hizo hazivuti waandishi wa habari wala wageni kutoka mbali. Anayezibeba, kama yupo wa kuzibeba, mara nyingi ni wakili kijana aliyekula kiapo juzi, ambaye yeye mwenyewe bado anahitaji mtu wa kumwonyesha kazi. Fizi inawahitaji vijana hao kuliko Bukavu inavyowahitaji. Lakini wakifika huko wanakutana na kazi ngumu kuliko ya wenzao wa mijini, huku mtu wa kuwaongoza akiwa mbali kwa zaidi ya kilomita 200.

Malezi ya wakili kijana yasichukuliwe kama hisani ya mzee mwenye moyo mzuri. Ni sehemu ya haki ya mteja. Kwa hiyo baro ya Kivu ya Kusini inapaswa kuyafikisha Baraka kwa mpango unaojulikana, wala isiiachie bahati.

Staji iko Bukavu, kazi iko Fizi

Kazi ya uwakili nchini Kongo imepangwa na sheria ya tarehe 28 Septemba 1979. Kijana aliyemaliza masomo ya sheria, akakubaliwa na baro na kula kiapo mbele ya mahakama ya rufaa, hawi wakili kamili siku hiyo. Anaingia staji ya miaka miwili chini ya wakili mkubwa, ambaye wengi humwita patroni. Katika muda huo anatakiwa kuhudhuria vikao vya mahakama, kufanya kazi katika ofisi ya patroni, kushiriki mikutano ya mafunzo ya baro na kuwahudumia wasio na uwezo kupitia ofisi ya mashauri ya bure.

Mpango huo ni mzuri, na si mgeni kwa mtu wa ziwani. Kijana anayejifunza kuunda mtumbwi haachiwi mbao na msumeno peke yake ufukweni. Anakaa na fundi, anashika ubao huku fundi akipigilia, anaziba nyufa, na siku anapounda wa kwake, fundi anaukagua kabla haujaingia majini. Asipoukagua, watakaozama ni abiria.

Tatizo la staji ya Kongo, kwa mtu wa Fizi, ni umbali na pesa. Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, vyenye vitivo vya sheria ambavyo vijana wengi wa jimbo huvikimbilia, viko Bukavu. Makao ya baro yako Bukavu. Ofisi kubwa za mawakili ziko Bukavu, na nyingine Uvira. Kutoka Baraka hadi Uvira ni takriban kilomita 90 za barabara ambayo mvua ikinyesha huweza kumeza siku nzima, na kutoka Uvira hadi Bukavu ni zaidi ya kilomita 100 nyingine.

Wakili wa staji mara nyingi hana mshahara. Anaishi kwa pesa ya usafiri anayopewa na patroni siku ya kesi, au kwa kile kinachotumwa na nyumbani. Kijana wa Fizi amebakiwa na njia mbili. Abaki Bukavu katika chumba ambacho kodi yake inamshinda, au arudi Baraka ambako wateja wapo na mwalimu hayupo.

Vita vimeifanya hali hiyo kuwa mbaya zaidi. Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23 Februari 2025, njia kati ya Baraka na makao ya baro ikawa njia inayovuka mstari wa mapigano. Desemba 2025 vita vikafika Uvira. Wakili wa staji ambaye patroni wake yuko upande mmoja na wateja wake upande mwingine hawezi kuambiwa asubiri mpaka amani irudi ndipo afundishwe, kwa sababu watu wanaendelea kukamatwa.

Saa 48, siku 5, siku 10

Ni nini hasa kinachohitaji mzee wa kukionyesha, wakati kijana amesoma sheria miaka mitano? Jibu la kwanza ni muda.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 18, inasema polisi hawawezi kumshikilia mtu zaidi ya saa 48. Muda huo ukipita aachiliwe au afikishwe mbele ya mamlaka ya sheria inayohusika. Kifungu hichohicho kinataka aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 19 kinampa haki ya kuwa na mtetezi katika kila hatua, kuanzia upelelezi wa polisi.

Baada ya hapo zinafuata kanuni za mwenendo wa jinai za mwaka 1959. Mtu aliyewekewa na parke hati ya kukamatwa kwa muda anatakiwa kufikishwa mbele ya jaji ndani ya siku 5, ikiwa jaji yuko mahali palepale. Kama jaji yuko mbali, siku hizo zinaongezwa kwa muda ule tu ambao safari inauhitaji kweli. Jaji akikubali mtu abaki mahabusu, amri ya kwanza ni ya siku 15, kisha inaweza kuongezwa mwezi kwa mwezi. Anayekata rufaa katika kesi ya jinai ana siku 10. Katika kesi ya madai ana siku 30.

Kijana anazijua namba hizi zote, kwa sababu alizijibu kwenye mtihani. Lakini Fizi si chumba cha mtihani. Maneno yale kuhusu muda ambao safari inauhitaji yanaonekana madogo kitabuni, ila kwa mtu aliyekamatwa Lulimba au Misisi yanaweza kumaanisha siku 3 au wiki 3, kulingana na wakili aliyesimama kuyabishania. Nani amemwambia kijana kwamba aulize ni gari gani lilikosekana, siku gani, na kwamba hata pikipiki iliondoka sokoni kwenda Baraka asubuhi ile?

Tena kuna saa ya 47. Ampigie nani? Aandike nini? Amjibu vipi afisa wa polisi anayemwambia arudi kesho, bila kugombana naye na bila kumpa kitu mkononi, kwa kuwa wiki ijayo atakutana naye tena? Hayo hujifunzwa kwa kumtazama mwenye uzoefu akiingia ofisini, akisalimia, akiomba kuona daftari la waliokamatwa, akisoma saa iliyoandikwa humo, na kukaa kwenye benchi mpaka ajibiwe.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini wakili akifunzwa na ulimwengu, anayelipa ada ya shule ni mteja. Siku 10 za rufaa zikipita kwa sababu wakili alizihesabu vibaya, wakili atajifunza na hatarudia tena. Mteja yeye atabaki gerezani.

Mbuzi, karatasi na kesi ya mtoto

Jambo la pili ni shinikizo, na hakuna mahali linapomwelemea wakili kijana kama katika kesi za ubakaji.

Tarehe 20 Julai 2006 Kongo ilitoa sheria mbili kuhusu ukatili wa kijinsia, namba 06/018 na namba 06/019. Zinasema wazi. Afisa wa polisi aliyepokea shauri la namna hiyo anatakiwa kumjulisha mwendesha mashtaka ndani ya saa 24. Upelelezi wa awali usizidi mwezi mmoja. Kusikiliza kesi na kutoa hukumu kusizidi miezi mitatu. Kosa hilo haliwezi kumalizwa kwa faini ya makubaliano. Na mwathirika anatakiwa kuwa na mtetezi wakati wote wa kesi.

Sharti hilo la mwisho lina uzito mkubwa Fizi. Kama sheria inamtaka kila mwathirika awe na mtetezi, basi kila mahali pasipo na wakili sheria inavunjwa hata kabla kesi haijaanza. Na pale ambapo wakili pekee ni kijana asiye na wa kumshauri, sheria imeshikiliwa na uzi mwembamba.

Baraka ni mji, lakini watu wanajuana. Wakili, mtuhumiwa, mzazi wa mtoto na afisa wa polisi wanaweza kuwa wanasali kanisa moja au msikiti mmoja. Wazee wa familia mbili wakishakubaliana mbuzi wangapi na dola ngapi, humtafuta yule kijana aliyesoma. Hawamwombi avunje sheria. Wanamwomba, kama mtoto wa nyumbani, awaandikie tu karatasi ya mapatano ili mambo yatulie. Akikataa, ameleta kiburi cha chuo. Akikubali, ametia sahihi yake kwenye karatasi inayomrudisha binti kwenye ukimya, na ameweka kazi yake mwenyewe hatarini.

Kukataa kwa namna ambayo familia itaendelea kukusikiliza ni ufundi. Wakili mzee anajua aanze na nani, amwite mama wa mtoto peke yake lini, amweleze vipi baba kwamba fidia inaweza kuombwa mahakamani bila kuiuza kesi. Anajua pia kuomba kesi isikilizwe faraghani, na kuhakikisha daktari na mwanasaikolojia wameitwa kama sheria inavyotaka. Kijana akiona hayo yakifanyika mara mbili au tatu, atayaweza. Kama hajawahi kuyaona, anakabili baraza la wazee akiwa na vifungu vya sheria tu mdomoni, na vifungu peke yake havijawahi kushinda baraza la wazee.

Shamba la aliyerudi kutoka Nyarugusu

Ardhi nayo ina mitego yake. Vita vya 1996 na vya 1998 viliwavusha ziwa maelfu ya watu wa Fizi kwenda Kigoma, na kambi ya Nyarugusu bado ina familia nyingi zilizotoka Kivu ya Kusini. Anayerudi humkuta mwingine akilima shamba la baba yake. Huyo mwingine ana karatasi iliyotiwa sahihi na chifu, na pengine chifu aliyetia sahihi si yule aliyekuwapo wakati wa kukimbia.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni mali ya Serikali. Kuhusu mashamba ya kimila, iliahidi kwamba haki za wanaoyatumia zitapangwa kwa amri ya Rais, amri ambayo kwa miongo kadhaa haikutolewa. Upande mwingine, cheti cha usajili wa ardhi kikishapita miaka miwili kinakuwa kigumu sana kukishambulia. Anayejua mambo hayo mawili kwa pamoja humwambia mteja kitu tofauti kabisa na anayejua moja. Mwenye cheti cha mwaka jana anahitaji kushtakiwa haraka. Mwenye karatasi ya chifu anahitaji kwanza mashahidi, mipaka, miti iliyopandwa, makaburi ya familia, na pengine upatanishi kabla ya mahakama.

Hapa mapatano si dhambi. Mbinu ambayo katika kesi ya ubakaji ni kosa, katika kesi ya shamba inaweza kuwa ndiyo dawa. Kijana asiyeongozwa huchanganya hayo mawili: anapatanisha pasipopatanishwa, anashtaki pasipo haja ya kushtaki, na mteja anauza mbuzi wake kulipia kesi ya miaka minne.

Jina la kabila, bahasha ya pesa

Kuna mambo mengine mawili ambayo mawakili wakubwa huyazungumza wakiwa peke yao, na ambayo vijana wanapaswa kuambiwa wazi.

La kwanza ni kabila. Fizi imeona vita vya Wabembe na Wanyamulenge, na makabila mengine yameumia humohumo. Makobola bado inakumbuka waliouawa mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999. Wakili kijana anayemtetea mtu wa upande wa pili huambiwa amewauza ndugu zake. Anayekataa kumtetea kwa sababu ya kabila lake ameuacha uwakili. Katika kesi ya 2011 hata watuhumiwa walikuwa na mawakili, na hukumu ilipata heshima kwa sababu hiyo. Kijana anahitaji mzee wa kusimama naye hadharani siku hiyo, aseme mbele ya watu kwamba kumtetea mtu si kulitetea kosa. Neno hilo likitoka kwa kijana wa miaka 27 ni ubishi. Likitoka kwa wakili mwenye mvi ni fundisho.

La pili ni pesa. Mkono mtupu haulambwi, watu husema, na vijana wengi huanza kazi wakiamini kwamba bila bahasha hakuna dosye inayotembea. Asiye na mshahara yuko karibu zaidi na jaribu hilo kuliko mwingine yeyote. Mafunzo ya maadili yasiyogusa tumbo la kijana ni mahubiri tu. Patroni anayetaka kijana wake awe msafi ampe angalau pesa ya usafiri na ya chakula siku za kesi. Amfundishe kuandika makubaliano ya malipo na mteja kwenye karatasi, kutoa risiti hata kwa faranga chache, na kutenganisha pesa ya mteja na pesa ya mfukoni.

Hoja za wasiokubali

Baadhi ya wakubwa husema hata wao walibeba mikoba ya mapatroni wao, walilala njaa, hawakushikwa mkono na mtu, na leo ni mawakili. Ni kweli kwa wale waliofika. Hawahesabiwi walioacha njiani, wala wateja waliopoteza mashamba na uhuru wakati wao wanajifunza. Tena waliobeba mikoba Bukavu walikuwa angalau nyuma ya mtu, wakimwona anavyosimama mbele ya jaji. Wa Baraka hana hata mkoba wa kubeba.

Wengine husema simu inatosha. Simu inasaidia sana, na itatajwa hapa chini. Lakini simu haisomi daftari la kasho, na mtandao hukatika siku ileile unayouhitaji.

Wapo pia wanaosema hakuna pesa ya kupeleka mawakili wakubwa Baraka, na barabara si salama. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote. Hakuna anayeweza kumlazimisha mzee wa watu kupita barabara yenye watu wenye silaha. Hata hivyo, mashirika na majaji wamefika Baraka mara nyingi kwa sababu kulikuwa na mpango na bajeti. Pesa ya kuwasafirisha majaji ilipopatikana, ilikuwa kwa kuwa mtu aliiandika kwenye karatasi na kuiomba. Ni nadra mafunzo ya wakili kijana kuwekwa kwenye karatasi hiyo.

Kinachowezekana sasa

Mambo matano yanaweza kufanyika bila kusubiri sheria mpya.

Kwanza, baro ikubali kwa maandishi kwamba miezi ambayo wakili wa staji anafanya kazi Baraka au Fizi inahesabika kama staji halali, alimradi ana msimamizi anayejulikana kwa jina na daftari la kazi linalotiwa sahihi kila mwezi. Kijana asiadhibiwe kwa kwenda mahali anapohitajika.

Pili, ofisi ya mashauri ya bure, ambayo sheria ya 1979 yenyewe inaitaka kila baro iwe nayo, iwe na mlango wa kudumu Baraka. Isiwe ya mradi, kwa sababu inayofunguliwa na mradi hufungwa mradi ukiisha. Chumba kimoja, meza, kabati lenye kufuli, na zamu: wakili mmoja mwenye uzoefu anakuja wiki moja kila mwezi pale usalama unaporuhusu, na vijana wa hapo wanamletea kesi zao zilizokwama.

Tatu, kila mahakama inayosafiri hadi Baraka, Fizi au Lulimba ichukue mawakili vijana wa mahali hapo, wakae kando ya wakubwa tangu maandalizi hadi hukumu, na msafara ukiondoka dosye zibaki mikononi mwao. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kazi kubwa hubaki baada ya hukumu: nakala, rufaa, na fidia ambazo mahakama za mashariki zimeamuru kwa miaka mingi na nyingi hazijalipwa. Tangu sheria ya Desemba 2022 iliyounda mfuko wa kitaifa wa fidia kwa waathirika, FONAREV, kuna mlango mmoja zaidi wa kugonga, na anayeweza kuugonga kwa niaba ya mwanamke wa Fizi ni wakili aliye karibu naye.

Nne, kila kijana awe na mzee wake wa simu, aliyeandikwa kwenye orodha ya baro, anayekubali kupigiwa hata usiku kwa mambo ya saa 48. Mikutano ya mafunzo inayofanyika mjini irekodiwe kwa sauti na kutumwa kwenye WhatsApp. Si anasa. Ni njia nyepesi ambayo vijana wa Baraka wanaitumia tayari kwa mambo mengine yote.

Tano, majaji, parke na makarani walioko Fizi wahesabiwe kuwa walimu pia. Karani anayemwonyesha kijana jinsi tamko la rufaa linavyoandikwa huokoa rufaa nyingi. Hakuna anayeomba jaji ampendelee wakili kijana. Inatosha amsahihishe kwa heshima, bila kumdhalilisha mbele ya mteja.

Majirani wana mifano. Kenya inamtaka anayetafuta uwakili afanye mafunzo ya miezi sita chini ya wakili mwenye uzoefu, naye wakili huyo anajulikana na anawajibika. Tanzania, ng'ambo ya ziwa, ina Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, na Sheria yake ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria vijijini, watu ambao humjulisha wakili mapema kabla saa hazijaisha. Kongo nayo ina watetezi wa mahakamani, wale wanaoitwa kwa Kifaransa défenseurs judiciaires, ambao wameshikilia kesi za watu wadogo kwa miaka mingi. Wakili kijana anayewadharau kwa sababu ana shahada kubwa zaidi anajifungia mlango wa shule iliyo jirani yake.

Na kijana mwenyewe

Lawama zote zisiwekwe kwa wakubwa. Wapo vijana wanaotaka kuitwa Maître kabla hawajajua kuandika ombi la dhamana. Wapo wanaoona aibu kusema hawajui, wakamwahidi mteja ushindi ambao hakuna wakili duniani anayeweza kuuahidi.

Kijana anunue daftari, aandike kila tarehe ya mwisho siku anayopokea dosye, na kando yake aandike tarehe ya siku tatu kabla. Aende mahakamani hata siku ambazo hana kesi, akae nyuma, asikilize. Asome dosye yote kabla ya kufungua mdomo. Ajifunze kumweleza mteja kwa Kiswahili chepesi, na kwa Kibembe kama mteja anakijua zaidi, kile kilichoandikwa kwa Kifaransa. Mteja asiyeielewa kesi yake hawezi kumsaidia wakili wake. Na kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote inayomtia wasiwasi, ampigie mzee. Kuuliza hakumshushi wakili hadhi.

Mwaka 2011 wanawake 49 wa Fizi walikubali kusema mbele ya mahakama mambo ambayo wengi wangeyanyamazia maisha yao yote. Upande wao alikuwa ameketi mtu aliyejua kazi yake. Mwanamke atakayefika Baraka wiki ijayo na kesi kama hiyo, peke yake, bila kamera, atamkuta wakili kijana. Baro, majaji na mawakili wakubwa wa Kivu ya Kusini ndio wataamua kama kijana huyo atakuwa na mtu wa kumpigia simu kabla ya kumjibu.